Kombo Kitwana na Mkongojo wa Kurefuka

Shemeji yangu Kombo Kitwana alikuwa na maradhi mamoja tu maishani mwake, nayo ni kutembea. Sisemi kusafiri. Msafiri ana anakokwenda na ana anachokifuata. Kombo alikuwa akitembea tu, basi. Akishasali alasiri anafunga kibanda chake cha kutengeneza baiskeli pale karibu na soko la Bagamoyo, anajisugua grisi kwa mchanga na kipande cha sabuni, anatia kofia kichwani, kisha huyo anakuja barazani kwangu.

"Shemeji Mbaruku, inuka tukanyoshe miguu."

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kukaa, na niliichagua kwa sababu ni ya kukaa. Miguu yangu inajua kukanyaga pedeli ya cherehani, haijui mengine wala haikuomba kufundishwa. Lakini Kombo alimwoa dada yangu Mwanaharusi, Mungu amrehemu, na dada yangu alipokuwa kitandani aliniambia, "Mbaruku, mwangalie mume wangu." Haya, utamwangaliaje mtu ambaye kila jioni yuko njiani? Ni lazima na wewe uwe njiani. Nikawa naandamana naye huku nanung'unika kuanzia mlangoni kwangu mpaka tunaporudi.

Mara nyingi tukienda njia ya Kaole. Siku nyingine tukishuka ufukweni tukafuata mchanga mpaka kwenye mikoko. Kombo hana haraka. Anasimama kuangalia kaa. Anasimama kumwamkia bibi anayeanua mpunga, anamuuliza hali yake, na hali ya mkwewe, na hali ya mbuzi aliyekuwa hali majani juzi. Baiskeli za mji mzima zilipita mikononi mwake, na wenyewe vilevile. Ukimpelekea tairi lililotoboka ataliziba, akiona na mnyororo umelegea ataukaza bila kuambiwa, na kesho mkikutana atakuuliza baiskeli imeamkaje, kana kwamba umemwachia nyumbani mtoto mwenye homa.

Basi masika ya mwaka sabini na mbili tukavuka kijito njia ya Kaole. Daraja lenyewe gogo la mnazi, na mvua ilikuwa imelitia utelezi. Nilimwambia, "Kombo, tuzunguke." Akasema, "Tuzunguke wapi, shemeji, na wewe mguu wako mzito?" Neno halijaisha, nikamwona miguu juu. Tulimtoa kwenye matope mimi na mkulima mmoja wa Fukayosi aliyekuwa akipita na baiskeli, tukamweka kwenye keria kama gunia la mihogo, tukamsukuma mpaka mjini. Goti la kushoto lilikuwa limevimba mpaka halina tena umbo la goti.

Habari ikafika Dar es Salaam na basi la jioni ileile. Hapo mjini kwetu siri haikai. Kondakta anazipokea habari pamoja na nauli. Asubuhi yake Sada akashuka.

Sada ndiye mtoto pekee wa Kombo na dada yangu. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, ana mume, ana nyumba Magomeni, na ana sauti ya mama yake. Akampeleka baba yake hospitali, akakaa naye mpaka uvimbe ukapungua. Siku ya kuondoka akatukalisha sisi wawili barazani, akasimama mbele yetu na pochi yake mkononi.

"Baba, unakaa peke yako. Chakula unakula kwa mjomba, usiku unalala peke yako, na bado unatangatanga maporini. Safari hii nimekusamehe. Nikisikia tena umeanguka, hata kama ni mlangoni pako, nakuja kukuchukua Magomeni, na huko ndiko utakakokaa mpaka mwisho. Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Baba?"

"Nimesikia, mama."

Kombo alisema hivyo kwa adabu, lakini nilimtazama usoni, nikaona mtu aliyehukumiwa. Alikwishapata kukaa Magomeni mara moja, wiki mbili. Aliporudi aliniambia kwamba nyumba ya Sada ni nzuri, ina umeme, ina bomba uani, na kwamba wiki mbili zile hakusalimiana na mtu ila muuza maandazi. Kumpeleka kule kukaa moja kwa moja ilikuwa sawa na kumtia kabatini.

Kwa hiyo akaogopa. Mtu ambaye hakupata kuogopa simba wa Mkange sasa akawa anaogopa kizingiti. Nilimchongea mkongojo wa mti, mzuri, wa mkarati, akautumia siku chache kisha akauegemeza ukutani.

"Haufai, shemeji."

"Haufai una nini? Mkongojo ni mkongojo!"

"Nikishuka ufukweni ni mfupi, naanguka mbele. Nikipanda kurudi ni mrefu, unanisukuma nyuma. Na mchangani unazama wote. Mti huu hauna akili."

"Na wewe unataka mkongojo wenye akili?"

"Ndiyo," akasema. Nikajua hapo tayari amekwisha kuwa na lake.

Tulikuwa na jamaa yetu dereva wa lori, Mosi, aliyekuwa akipita Msata kila wiki. Msata walikuwa wamepiga kambi watengeneza barabara, na walipohama waliacha takataka zao. Mosi akamletea Kombo milingoti miwili ya hema, mabomba ya alumini, mepesi, moja likiingia ndani ya jingine. Kombo alivyoyapokea ungedhani kaletewa bibi arusi. Akajifungia kibandani. Nikipita nasikia tupa inakereza, nikimwita anajibu, "Ngoja!"

Kilichotoka mle ndani sijapata kuona tena mfano wake. Mabomba mawili, la ndani linateleza ndani ya la nje, unalivuta ukitaka refu, unalisukuma ukitaka fupi. Juu ametia mpira wa usukani wa baiskeli, pa kushika. Chini ametia kisigino cha tairi la lori, kisiteleze. Anacho pia kiduara alichokata kwenye mfuniko wa kopo la maziwa, cha kuvisha chini akienda mchangani, mkongojo usizame. Na ile kazi ya kulibana bomba la ndani lisiteleze ovyo, alichukua mkono wa pedeli, akakata lile tundu lake lenye hesi, zile nyuzi za kukazia, akalifunga ubavuni mwa bomba la nje kwa vyuma vya keria, kisha akatia humo ekseli ya pedeli yenyewe. Ukiizungusha inaingia, inaligandamiza bomba la ndani, kwisha.

Ila kulikuwa na jambo moja. Mkono aliokuwa nao kibandani ulikuwa wa pedeli ya kushoto. Na mafundi baiskeli wanajua, mimi sikuwa najua, kwamba pedeli ya kushoto hesi zake ni za kinyume. Kila kitu duniani ukitaka kukikaza unakizungusha kulia. Pedeli ya kushoto unaizungusha kushoto, na ukiizungusha kulia unailegeza. Kombo alinionyesha, nikazungusha, nikakosea, mkongojo ukanyong'onyea mkononi mwangu. Alicheka mpaka akashika goti.

Mji nao ukapata la kucheka. Siku ya kwanza tulipopita sokoni, wauza samaki wakapiga kelele, "Mzee Kombo! Vuta antena kidogo, tupate taarabu ya Unguja!" Mwishehe, yule mwenye meza ya kwanza na mdomo usio na mlango, akaweka sikio lake kwenye mpira wa juu, akafumba macho, akasema, "Nyamazeni, taarifa ya habari." Kombo hakukasirika hata chembe. Akamwambia, "Leo stesheni zimefunga, Mwishehe. Njoo kesho," akaendelea na njia yake.

Nami nikaona kwa macho yangu kwamba kile chombo kina akili kweli. Anakishika mkono wa kulia ijapokuwa goti bovu ni la kushoto. Nilimwambia amekosea. Akasema jaribu wewe kuchechemea ukiwa na fimbo upande uleule, uone kama hutaenda kama bata. Nikajaribu pale pale njiani, nikaenda kama bata, na wanawake kisimani wakaniona. Penye njia ngumu anakiweka kimo cha kiuno. Akishuka ufukweni anakirefusha, kinatangulia chini kabla yake. Akipanda anakifupisha. Kila penye mwinamo anasimama, anageuza ekseli kushoto, anaigonga kwa kiganja, na huyo. Baada ya mwezi tulikuwa tumefika tena Kaole, na lile gogo safari hii tulilizunguka bila mtu kusema neno. Tulikaa chini tukala mihogo ya kuchoma. Kombo akavua kofia, akaangalia njia tuliyotoka, akasema, "Alhamdulillahi, shemeji. Bado nipo." Nami nilifurahi, lakini nikamwambia ale upesi nyayo zinaniuma.

Ubaya ni kwamba habari nzuri nazo hupanda basi. Zikafika Magomeni zimegeuka. Sada aliambiwa kwamba baba yake amepata bomba la hema, kila siku yuko Kaole, anavuka makorongo, na watu sokoni wanamcheka. Ijumaa moja asubuhi naona basi limesimama, Sada anashuka, na kanga yake ameifunga kiunoni. Mwanamke wa kwetu akifunga kanga namna ile hakuja kusalimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za—"

"Nimekuja kumchukua baba. Tunaondoka na basi la alasiri."

"Lakini hakuanguka!"

"Nisubiri aanguke? Hivi mjomba, mnataka niletewe maiti?"

Kombo alikuwa amekwisha kuja, amesimama mlangoni na chombo chake. Alijaribu kumwonyesha. Akakirefusha, akakifupisha, akatembea mbele ya binti yake kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa mkungu na kurudi, kifua mbele kama askari wa gwaride. Sada aliangalia yale mabomba, zile nati za keria, ule mfuniko wa kopo la maziwa, na machozi yakamlenga.

"Baba, hiki ni chuma chakavu. Unauweka uhai wako juu ya chuma chakavu."

Kombo hakubishana naye, hakuwahi kubishana na sauti ile hata ilipokuwa ya mama yake. Alisema jambo moja tu: "Niache nisali Ijumaa hapa, mama. Halafu tutakwenda." Mke wangu Bimdogo akaenda kumfungia nguo, na kila nguo aliyokunja aliipangusia kamasi.

Nyumba yangu inatazamana na msikiti, njia tu ndiyo inayopita kati. Mlango wa mbele wa msikiti ni mpana, na siku za joto huachwa wazi, kwa hiyo mtu aliyekaa barazani kwangu anaona ndani mpaka kwenye mimbari. Sada akakaa pale na Bimdogo, na ule mzigo wa nguo kando yake. Mimi na Kombo tukavuka. Akaulegeza mkongojo, akaufupisha, akauegemeza mlangoni palipo na viatu, kama desturi, nikamshika mkono mpaka kwenye nguzo ya safu za nyuma, akakaa akiunyosha mguu wake. Nilimwona anaangalia dari ya msikiti, boriti moja baada ya nyingine, kama anayeziaga.

Sasa sikilizeni. Kwetu khatibu hahutubu mikono mitupu. Akisimama kupanda mimbari, muadhini humkabidhi fimbo, naye huiegemea mpaka amalize hotuba. Ndivyo tulivyowakuta wazee, na hotuba bila fimbo watu wangerudi nyumbani wakidhani haikutimia. Muadhini wetu siku hizo alikuwa Husseni, mtu safi, mwenye sauti, lakini anayejua kila kitu kabla hujamwambia. Dakika ile ile ya kuichukua fimbo ya msikiti kwenye kona yake, ikamkatikia mkononi. Mchwa! Walikuwa wameila ndani wakaacha ganda.

Husseni hakufadhaika. Alikwenda mlangoni, akatazama, akauona mkongojo wa Kombo unang'aa. Akauchukua. Khatibu wetu, Maalim Bwanausi, alikuwa mrefu wa kugonga vizingiti, na mkongojo ulikuwa mfupi na umelegezwa, basi Husseni akauvuta mpaka mwisho, na akaukaza. Akaukaza sawasawa, kwa nguvu zake zote. Kulia.

Nilimsikia Kombo ameshusha pumzi kama mtu aliyepigwa kofi. Na kabla sijageuka kumtazama, Husseni akasimama kutukumbusha lile tunalokumbushwa kila Ijumaa: khatibu akianza kuhutubu, hakuna kusema. Hata ukimwambia jirani yako "nyamaza", umekwisha kuharibu Ijumaa yako. Akamkabidhi Maalim ile fimbo. Maalim akapanda.

Mwanzoni ikamshika. Ekseli ilikuwa inakwaruza kwaruza, na Maalim si mnene. Akahimidi, akaswalia, akaanza kutuusia. Halafu nikaona bega lake la kulia limeshuka. Kidogo tu. Akasoma. Likashuka tena. Ukitazama haraka huoni kitu, ukiangalia kando kisha ukarudisha macho, Maalim ni mfupi kuliko alivyokuwa. Karatasi yake ipo mkono wa kushoto, imebaki juu. Yeye anaifuata kwa shingo. Safu ya mbele mtu akakohoa. Mwishehe muuza samaki, aliyekuwa mbele yangu, mabega yakaanza kumtetema, akaivua kofia akaiuma. Mimi nilijifinya paja mpaka likaingia alama. Husseni alikuwa chini ya mimbari, macho kayatoa kama dagaa, na hana la kufanya, maana neno hakuna, na kuukaza mkongojo tena hajui. Kwa ujuzi wake yeye ulikuwa umekazwa.

Kombo yeye hakuwa anacheka. Nilimtazama, kicheko changu kikanikauka. Ekseli ile ilikuwa imebakiwa na uzi mmoja wa hesi, labda mbili, na yeye alikuwa anazihesabu kwa macho. Ikitoka, bomba litashuka lote kwa mara moja, na Maalim Bwanausi, mzee wa watu, ataruka kichwa mbele kutoka juu ya mimbari. Na ng'ambo ya njia yuko Sada anatazama. Hicho chuma chakavu kikimwangusha khatibu mbele ya mji mzima, nani tena atafungua mdomo kumtetea Kombo asiende Magomeni?

Akashika nguzo, akasimama.

Nilitaka kumvuta kanzu. Kusema siwezi. Mbele yake kulikuwa na safu na safu za watu waliokaa magoti yakigusana, na mkongojo wake ndio uko kule anakokwenda. Akanyanyua mguu, goti la kushoto likatikisika, akayumba. Niliona mkono wake unatafuta kitu hewani na hakuna kitu. Akianguka hapa, nikajiambia, tumemaliza kazi. Basi la alasiri.

Mwishehe, na kofia yake mdomoni, hakugeuka nyuma. Sijui alijuaje. Alinyosha tu mgongo, bega likapanda juu, na mkono wa Kombo ukalikuta. Kombo akapiga hatua. Aliyekuwa mbele ya Mwishehe akanyosha mgongo naye. Halafu wa mbele yake. Hakuna aliyetazama nyuma, hakuna aliyefungua mdomo, wote macho kwa khatibu kama tulivyofundishwa, na mabega yakainuka safu kwa safu mpaka mbele. Alimfikia Sharifu, ambaye walikuwa hawasemezani tangu Sharifu alipodai kwamba Kombo amembadilishia breki. Sharifu akainua bega lake mpaka likamgusa sikio. Kombo akalishika, akapita. Nilikuwa nimejaa kicheko tangu mwanzo, nikashangaa kuona nalia.

Maalim alikuwa sasa amejikunja kama anayetafuta sindano iliyoanguka, na bado anasoma, wala hakukosea hata herufi. Kombo akafika chini ya mimbari. Akalishika bomba kwa mkono mmoja, akalivuta juu, na Maalim akapanda nalo taratibu mpaka urefu wake wote. Kisha Kombo akaizungusha ekseli. Kushoto. Husseni akaona, mdomo ukamwanguka. Kombo akaigonga kwa kiganja mara moja, kama afanyavyo njiani, akageuka, akarudi alikotoka. Bega, bega, bega. Akakaa pale kwenye nguzo, jasho linamchuruzika, akaunyosha mguu.

Tulipotoa salamu ya swala, msikiti ulilipuka. Watu walicheka kwa kicheko kilichokuwa kimewakaa kooni tangu hotuba ya kwanza. Wako waliotaka kujua kama inafaa mtu kupita juu ya watu wakati wa hotuba, wakamwendea Maalim. Maalim alikuwa anajipangusa macho. "Mimi nilidhani ni umri," akasema. "Nilijiambia, Bwanausi, siku yako imefika, unarudi udongoni wima. Huyu kanitoa kaburini, na nyinyi mnauliza inafaa?" Husseni akaja kwa Kombo, mkononi na kile kipande cha fimbo iliyoliwa, akasema kwa unyonge, "Lakini niliikaza kulia, mzee wangu. Sote tunaanza na kulia." Kombo akamshika shingo, wakacheka pamoja.

Lakini kicheko chake hakikufika machoni. Alikuwa anaangalia ng'ambo. Sada amesimama barazani, kanga ameifungua, anajifuta nayo uso. Tukavuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilikuwa nayo mengi, mengine makali, maana mwenyewe nilikuwa nimepandwa na hasira. Sikuyahitaji.

"Baba," Sada akasema, "uko Magomeni, chumbani, saa nne asubuhi. Mimi niko kazini. Mume wangu yuko kazini. Unataka kusimama. Utamshika nani?"

Kombo akafikiri, kana kwamba kaulizwa bei ya spoku ya baiskeli. "Ukuta," akasema.

"Nilikuja kukuchukua," Sada akasema, "kwa sababu nilidhani unakaa peke yako." Akainama, akauchukua ule mzigo wa nguo, akampa Bimdogo, na Bimdogo akaubeba kuurudisha ndani mbio mbio, nadhani aliogopa mtu asije akabadili nia.

Chakula cha mchana kililiwa kwa makelele. Alasiri tukamsindikiza Sada kwenye basi. Mkongojo haukuwapo, Maalim Bwanausi alikuwa ameuomba mpaka msikiti uchonge fimbo nyingine, na Kombo, unamjua, hawezi kumnyima mtu kitu. Kwa hiyo alikwenda ameshika bega langu. Sada alipanda, akatoa kichwa dirishani, akaniambia mimi, hakumwambia baba yake, "Mjomba, namwacha kwenu." Nilijitia kikohozi.

Basi likaondoka. Tulisimama pale mpaka vumbi likatulia. Nilidhani sasa tunarudi nyumbani, nikageuka.

"Shemeji," Kombo akasema, "jua bado liko juu. Kaole?"

"Wewe mtu una wazimu! Na mkongojo huna!"

Aliubana mkono wake begani kwangu, na sisi hao. Alisimama kila mahali. Aliangalia kaa. Aliuliza habari za mbuzi. Na kila mwinamo, kupanda na kushuka, alinielemea kwa uzito wake wote bila haya, tukaenda tukarudi. Usiku Bimdogo aliniona nainua mkono kwa shida, akaleta mafuta ya nazi anikande lile bega. Nikamwambia aliache tu liume.